Safari ya Kwenda Kuona Barafu

Iko safari moja ambayo siku hizi huuzwa sana kwa watu wa Ulaya na Marekani wenye nafasi, nayo ni kupanda meli na kwenda mpaka kwenye bahari ya barafu iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwa ajili ya kutazama wanyama wa huko na vipande vya barafu vikubwa kama majumba vielavyo juu ya maji. Khabari zake hapa Arusha si ngeni. Mji wetu huu waishi kwa wageni, na mgeni akiisha kukaa siku saba ndani ya gari moja na kiongozi wake, hana budi kumsimulia safari zake nyingine. Kijana mmoja niliyemsomesha Kurani hapa Ngarenaro, ambaye sasa ni kiongozi wa watalii, aliachiwa na mgeni wake kitabu cha picha kinachoeleza safari hiyo toka mwanzo mpaka mwisho: meli, siku, nguo na bei. Akakileta madrasa jioni moja. Watoto walikizunguka kama nzi wazungukavyo embe, na tokea siku hiyo maswali yao hayajaniacha.

Naona yafaa, basi, niwaeleze wasomaji safari hiyo ilivyo, kisha niwaeleze safari nyingine ya barafu na wanyama iliyo mlangoni petu, ambayo sisi wenyewe twaipanga wakati huu.

Wengi wa waendao bahari ya Aktiki huanzia katika visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norwei kwa mkataba wa mwaka 1920. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko kwenye digrii 78 kaskazini ya ikweta. Huko, tangu takriban tarehe 20 Aprili mpaka tarehe 23 Agosti, jua halichwi kabisa, na katika kipindi cha baridi kali hupita miezi jua lisionekane. Meli za wageni huenda kati ya Mei na Septemba. Si zile meli kubwa kama miji zichukuazo maelfu ya watu, bali ni meli za kiasi, zilizoimarishwa ubavu ili zistahimili kugongana na barafu, na abiria hushushwa pwani kwa mashua za mpira. Tokea tarehe 1 Januari 2025 serikali ya Norwei imekataza meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia katika sehemu zilizohifadhiwa, na imeamrisha kila mtu akae mbali na dubu mweupe kwa mita 300, na mita 500 katika miezi ya Machi hadi Juni. Mgeni atokaye nje ya mji hutembea na kiongozi mwenye bunduki, kwani dubu huyo hamwogopi mwanadamu, bali humhesabu kuwa ni riziki yake.

Wanyama watazamwao huko ni dubu mwenyewe. Na walarasi, mnyama wa jamii ya sili mwenye meno mawili marefu mfano wa pembe za ndovu. Na kulungu wa kaskazini mwenye miguu mifupi. Na mbweha abadilishaye manyoya yake kwa majira. Na ndege wasiohesabika katika majabali ya pwani. Pengwini hawapo. Wale ni wa ncha ya kusini, na watoto wangu wote waliokuwa wakiwatafuta katika kitabu walihuzunika sana kwa khabari hiyo.

Jambo lililonipendeza katika mpango wa safari ile ni kwamba hapana awezaye kuandika ratiba ya hakika. Nahodha hutazama barafu ya siku ile na upepo wa siku ile, ndipo aseme tutakwenda upande gani. Na abiria aliyelipa mali nyingi hukubali hilo kabla hajapanda. Gharama yenyewe kwa mtu mmoja, kwa siku kumi hivi, hupita dola elfu tano kwa wepesi, na meli za fahari hutoza maradufu na zaidi, mbali na nauli ya ndege. Kisha kuna mambo ya karatasi. Visiwa vya Svalbard havidai viza, lakini njia ya kuvifikia yapita Norwei bara, na kwa kuwa visiwa hivyo vimo nje ya mapatano ya Schengen, Mtanzania hulazimika kupata viza ya Schengen ya kuingia mara mbili. Ama sivyo, atakapotoka visiwani hatapata mlango wa kurudia Oslo. Namwambia haya mwenye uwezo, maana huenda miongoni mwa wasomaji yumo, au ana mwana Ulaya atakaye kumpeleka. Na mtu asije akauza shamba kwa ajili ya tiketi kisha akazuiliwa uwanja wa ndege.

Mama mmoja wa mtaani petu aliniuliza swali ambalo Waislamu wa zamani waliliuliza pia: huko kusikochwa jua, mtu husali vipi magharibi? Jawabu yake ni yenye asili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa juu ya siku itakayokuwa kama mwaka, aliamrisha watu wakadirie nyakati. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Juu ya asili hiyo maulamaa wa zama zetu wamesema mwenye kukaa huko afuate nyakati za mji ulio karibu naye ambao usiku na mchana wake hupambanuka, na wengine wamesema afuate nyakati za Makka. Na kibla chake huko ni kusini, kwa kuelekea mashariki kidogo, hali sisi wa Arusha kibla chetu ni kaskazini. Kwa hivyo mtu wa Svalbard na mtu wa Ngarenaro wanaposali huwa wameelekeana nyuso, na Makka i kati yao.

Wala asidhani mtu kwamba safari hii ya barafu ni fikra ya Wazungu peke yao. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alitia nanga Mombasa na Kilwa, amesimulia katika kitabu cha safari zake khabari za mji wa Bulghar karibu na mto Volga, ambako aliukuta mwezi wa Ramadhani na usiku wake mfupi mno, hata watu wakiisha kufuturu na kusali magharibi na isha na tarawehe, alfajiri huwa imekwisha bisha hodi. Wataalamu wa leo wana shaka kama alifika kweli Bulghar au alisimuliwa tu. Lakini khabari alizozitia kitabuni ni za ajabu. Asema kwamba mbele ya mji huo, mwendo wa siku arubaini, kulikuwa na nchi iitwayo Nchi ya Giza, na wafanya biashara waliiendea kwa magari madogo yasiyo na magurudumu, yavutwayo na mbwa, kwa kuwa mbwa ana kucha za kushika barafu, na mtu na farasi huteleza. Mbwa wa mbele, aijuaye njia, thamani yake ilikuwa dinari elfu moja. Bwana wake hampigi wala hamkaripii, na chakula kikiwa tayari mbwa hulishwa kwanza kabla ya watu, maana akikasirika hukimbia akamwacha bwana wake aangamie. Walipofika waliweka bidhaa zao chini wakaondoka, na kesho yake wakakuta ngozi za manyoya zimewekwa kando ya bidhaa hizo, wasimwone aliyeziweka.

Ibn Battuta alitamani kwenda huko, kisha akaacha. Alipima akaona taabu na gharama ni nyingi, na faida ni chache. Mtu aliyezunguka kutoka Tanja mpaka Uchina, aliyefika mpaka kwetu Kilwa, kwa barafu alirudi nyuma.

Nami nilipokuwa nikiwasimulia watoto kisa hicho, binti mmoja wa miaka tisa akauliza: "Mwalimu, ile nyeupe ya Kilimanjaro ndiyo hiyo hiyo barafu?" Nikamwambia ndiyo, barafu ni barafu. Akasema, "Basi mbona hatuendi kuitazama?" Nikawauliza wote waliokuwapo, nao walikuwa thelathini na mmoja, ni nani aliyepata kufika Momella. Hapana aliyeinua mkono. Watoto waliozaliwa chini ya mlima Meru, waamkao kila siku magari ya watalii yakipita mbele yao kuelekea mbugani, hawajapata kuona nyati, wala hawajapata kuiona barafu ila ya friji, na ile ya mlimani huiona kwa mbali siku ambazo mawingu yanakubali.

Hapa yafaa nitaje neno juu ya lugha. Sisi watu wa nchi ya joto tuna majina mawili ya kitu hiki, na yote mawili yamekuja kwa jahazi: theluji ni neno la Kiarabu, na barafu ni la Kiajemi. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmishionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann alikuwa njiani kwenda Uchagani, akiongozwa na Mswahili wa pwani aitwaye Bwana Kheri. Akaona kitu cheupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi hakuwa na jina la kukiita. Akasema tu kwamba ni baridi. Rebmann akaandika khabari hiyo Ulaya, na wataalamu wa London, na hasa William Cooley, wakamkadhibisha kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mpaka mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima na theluji ikamwangukia kichwani. Bwana Kheri alikuwa amesema kweli toka siku ya kwanza, ijapokuwa kwa neno moja.

Na Wazungu wawili waliofika kileleni kwanza, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889, hawakuwa peke yao huko juu. Wapagazi wengine walipobaki chini, mtu mmoja wa Pangani, jina lake Mwini Amani, alikaa nao katika hema la juu, mahali palipozidi mita 4,000, katika baridi ambayo mtu wa Pangani hajapata kuiota, akiwalindia kambi na kuwapikia. Vitabu vya safari vimemtaja kwa mistari michache. Ningependa watoto wetu walijue jina lake kama wanavyolijua la Meyer.

Barafu walioiona watu hao si hii tuionayo leo. Meyer mwenyewe aliporudi mwaka 1898 aliona imepungua. Walipoipima mwaka 1912 ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 11. Ilipopimwa tena mwaka 2011 ilikutwa kilomita za mraba 1.76, yaani katika kila mafungu sita na nusu limebaki fungu moja. Wataalamu waliotoboa barafu ile mwaka 2000 wakatoa nguzo zake ndefu kuzichunguza, walisema baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka elfu kumi na moja, na wakakadiria kuwa itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita na barafu ingaliko, na hili lisimfanye mtu kuwacheka, kwa sababu waliyoyakosea ni tarehe tu. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya mlima Kenya yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050. Binti aliyeniuliza swali, Mungu akimpa uhai, mwaka huo atakuwa na miaka thelathini na minne.

Sababu ya kupungua kwake si nyepesi kama isemwavyo vijiweni. Huko juu baridi ni ya kugandisha mwaka mzima, na sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikatiririka, bali jua kali huipiga katika kuta zake zilizosimama wima, nayo hugeuka mvuke bila ya kupita kwenye maji. Tangu kiasi cha mwaka 1880 hewa ya Afrika Mashariki ilipungua unyevu, theluji mpya ikawa haba, na barafu ikawa kama mtu atumiaye akiba asiyetia kitu. Kisha joto la dunia la zama hizi likazidisha. Wala si kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba mito yetu hutegemea barafu ile. Maji ya mito ya Kilimanjaro na Meru hutoka katika msitu, uchukuao mvua na ukungu na kuyahifadhi ardhini. Barafu sehemu yake ni ndogo mno. Mwenye kulia kwa ajili ya maji na aulilie msitu. Barafu twaililia kwa sababu nyingine.

Basi tukawaita wazee wa watoto tukawaeleza nia yetu. Hapakukosekana upinzani, nao ulikuwa na haki. Seremala mmoja, mtu mwenye akili, alisema: "Mwalimu, paa la madrasa lavuja upande wa wasichana, na wewe wataka kuwapeleka watoto wakatazame barafu?" Akataja hesabu ya Ibn Battuta niliyoisimulia mimi mwenyewe, kwamba gharama nyingi na faida chache. Nikamjibu kuwa Ibn Battuta aliacha safari ambayo angeweza kuifanya yeye, au mwingine baada yake, mwaka wowote. Lakini hii yetu ina mwisho. Paa linaweza kuezekwa mwaka ujao na mwaka wa baada yake, na barafu haiezekwi. Hakuridhika, nami siwezi kusema hakuwa na neno. Mwisho tulipatana kwamba mfuko wa madrasa usiguswe, bati zinunuliwe kwanza, na safari iwe kwa michango ya wenyewe wazazi, kila mtu kwa uwezo wake, na mwenye mali amchukue mtoto wa jirani.

Jambo la michango katika sehemu hizi lina historia. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, ili ardhi wapewe walowezi. Watu wakachangishana senti zao, wakamtuma mwana wao Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952 akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa. Kama vijiji viliweza kumvusha mtu bahari ya Atlantiki kwa kuchanga, mtaa wa Ngarenaro waweza kuwafikisha watoto Momella.

Njia yenyewe ni fupi. Hutoka mjini kwa barabara ya Moshi, hupita Tengeru, na ukifika Usa River hushika njia ya kushoto iendayo lango la Ngongongare. Yote ni kiasi cha kilomita thelathini hivi. Hifadhi hiyo ilianza mwaka 1960 kwa jina la kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaongezwa sehemu ya mlima Meru, ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mwenyeji hulipa kwa shilingi, kiingilio kilicho chini sana kuliko mgeni alipavyo kwa dola. Nalisisitiza hili kwa kuwa wazazi wengi walidhani kiingilio cha mbuga ni cha wageni tu, wakakata tamaa bila ya kuuliza.

Mara baada ya lango kuna uwanda wa majani uitwao Serengeti Ndogo, ambako nyati na pundamilia na ngiri huonekana kutoka ndani ya gari. Mkono wa kulia ni njia ya Ngurdoto, shimo la kreta lenye upana wa kilomita tatu hivi, lililojaa msitu na kinamasi. Watu hawaruhusiwi kushuka chini, hutazama kutoka ukingoni tu. Huko juu ya miti ndiko akaako mbega, kima mweusi mwenye joho jeupe begani na mkia kama usinga, ambaye kwangu mimi ni mzuri kuliko dubu yeyote wa kitabuni. Twiga ni wengi. Chui na fisi wamo, ila hujificha. Simba hawakai humo, na hilo liliwapa raha akina mama.

Mkono mwingine wa njia ni wa maziwa ya Momella. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima Meru ulibomoka wote kwa mshindo mmoja, matope na mawe yakamwagika mpaka karibu na miguu ya Kilimanjaro, na katika mabonde ya kifusi hicho yakakusanyika maji. Ndiyo maziwa haya. Maji yake yana magadi, na kila ziwa lina rangi yake. Heroe, wale ndege wa waridi wenye shingo ndefu, huja kwa maelfu wakaondoka wanapopenda.

Lakini ndege nitakaowaonyesha watoto si hao tu. Yuko kitwitwi mdogo, asiyefika ukubwa wa ngumi ya mtoto, atembeaye ukingoni mwa maji akidona matope. Huyo huzaliwa katika nchi ya barafu, kaskazini ya Ulaya na Siberia, karibu na bahari ile ile ya Aktiki, na baridi ikianza huja kwetu akakaa mpaka Aprili. Yuko na mwingine mwenye mgongo wa kijivu na kiuno cheupe, uzito wake gramu ishirini na tano hivi. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba waliwafunga wachache wao vyombo vidogo huko Alaska, wakaona kwamba huruka takriban kilomita 14,500 mpaka Afrika Mashariki, kisha hurudi. Wageni wa Aktiki, basi, wako Momella kila mwaka, wala hawadai viza ya kuingia mara mbili.

Kwa sababu ya ndege hao tumechagua mwanzo wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Juni na Julai, ijapokuwa mvua hakuna, ukungu hufunika Arusha siku nyingi, na mtu aweza kukaa wiki nzima asiuone hata mlima Meru wenyewe. Masika hayafai kabisa. Januari hewa huwa safi, hasa alfajiri. Na katika wakati wa ukavu mtu aweza kutofautisha theluji na barafu, maana theluji ya usiku mmoja huufunika mlima wote ikawa kama shuka, na baada ya siku mbili tatu hutoweka, bali barafu hubaki mahali pake. Mwenye kwenda siku iliyotanguliwa na theluji atafurahi sana, lakini atakuwa ameona kingine.

Watoto wadogo, na mama zao, watakwenda na kurudi siku moja. Wakubwa, waliotimiza miaka kumi na minne na ambao wazazi wao wameweka saini, wavulana ishirini na moja pamoja na wasichana watano wenye shangazi zao wawili, watapanda kwa miguu kutoka lango la Momella mpaka kituo cha Miriakamba, mita zipatazo 2,500, walale huko usiku mmoja. Njia fupi yapita majani marefu, saa tatu hivi. Ile ndefu yapita msituni, penye mti wa mkuyu uliofanya upinde mpana kiasi cha gari kupita chini yake. Tutakwenda kwa ndefu na kurudi kwa fupi. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hutangulia mbele, na hii ni sharti, kwa ajili ya nyati na ndovu. Watoto waliposikia hivyo walisema sisi na watu wa Svalbard tu sawa.

Kutoka Miriakamba, alfajiri, ukielekea mashariki, Kilimanjaro iko mbele yako, mwendo wa kilomita 70 hivi kwa macho, na jua hutokea ubavuni mwake. Tumeazima darubini mbili. Mimi na wazee wawili, afya ikiruhusu, tutaendelea siku ya pili mpaka kituo cha juu kiitwacho Saddle, mita zipatazo 3,570, na pengine mpaka Meru Mdogo, mita 3,820. Kile kilele chenyewe cha mita 4,562, kiendewacho usiku wa manane juu ya ukingo mwembamba wa kreta, nawaachia vijana. Nina miaka hamsini na sita na magoti yangu yana khabari yake.

Juu ya mavazi, kile kitabu cha picha kilinifaa sana. Chasema mtu asivae koti moja zito, bali nguo nyepesi tatu juu ya nyingine, na ya nje izuie upepo. Pamba isiguse mwili, maana ikilowa jasho haikauki. Nimeyafuata hayo katika soko la mitumba la Kilombero, ambako makoti ya nchi za baridi hulundikana hayana mnunuzi. Kwa bei ya kilo mbili tatu za nyama mtoto amevaa kama baharia. Huenda baadhi ya makoti hayo yalikwisha kuiona Aktiki. Maji ya kutawadha ya Miriakamba ni baridi sana asubuhi, kwa hiyo tutachukua sufuria kubwa na mtungi wa gesi tuyapashe, ili mtoto asije akaichukia sala ya alfajiri kwa sababu ya maji.

Seremala naye amejiandikisha pamoja na wanawe wawili. Makoti yamekwisha patikana ishirini na mawili, yamebaki saba. Viatu vya wasichana wawili bado. Na anayetaka mtoto wake awemo katika kundi la wakubwa alete saini yake kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Desemba. Basi litaondoka hapa Ngarenaro mara baada ya sala ya alfajiri.